Aliyesema Kabla ya Ngwe ya Tisa: Kisa Kutoka Makao ya Wazee Michigan

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika makao ya wazee jimboni Michigan, Marekani, mwezi wa sita mwaka 2010. Jina la makao, mji na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo madogo ya kifamilia nimeyabadilisha ili asiwepo wa kuwatambua. Mchezo wenyewe siwezi kuuficha. Kila kilichotokea mle chumbani kilikwenda nao sambamba, na ulishaingia kwenye historia.

Mkazi wetu nitamwita Mzee. Mhudumu nitamwita Kijana. Mimi nilikuwa kiongozi wa zamu. Nawaandikia hasa wenzangu wanaozungumza Kiswahili waliokuja huku na kuanzia kwenye kazi hii ya kuosha, kulisha na kusukuma viti vya magurudumu. Mafunzo tunayopewa yanatufundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumiza mgongo. Ya besiboli hayamo.

Wahusika

Mzee alikuwa ameshapita miaka 80, mstaafu wa kiwanda cha magari. Kiharusi kilimchukulia mguu na mkono wa kushoto lakini akili kilimwachia yote. Alikuwa shabiki wa timu ya besiboli ya Detroit Tigers tangu utotoni. Kila mchezo aliutazama sebuleni kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, na mapajani aliweka ubao mdogo wenye karatasi ya alama aliyoichora mwenyewe kwa rula: safu za visanduku, kila mpigaji na mstari wake. Mpigaji akifika besi, yaani kituo cha kukimbilia, Mzee huchora kialmasi ndani ya kisanduku. Akitolewa, anaandika tarakimu za walinzi wa timu pinzani waliomtoa. Penseli yake ilikuwa fupi kama kidole gumba, na hakukubali umletee nyingine.

Kijana alikuwa na miezi mitatu kazini. Mzaliwa wa pwani, mchapakazi, mchangamfu, na sauti yake ungeisikia ukiwa ukumbi wa pili. Mzee alimpenda. Alikuwa amemfundisha kuisoma ile karatasi kisanduku kwa kisanduku, na Kijana, ambaye mpira aliokuwa akiujua ni wa miguu tu, alikuwa ameanza kuulizia matokeo hata siku zake za mapumziko.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua

Aliyecheza raunda shule ya msingi ana nusu ya besiboli mkononi tayari. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga na kukimbilia besi. Timu ikitolewa watu watatu, zamu yake imekwisha. Kila timu ikishapata zamu moja, hiyo ni ngwe. Ngwe ni tisa, kwa hiyo kila timu hutolewa watu 27.

Mara chache sana hutokea mrushaji akamaliza ngwe zote tisa bila mpinzani hata mmoja kupata pigo halali la kumfikisha besi. Mchezo wa namna hiyo ni adimu, na bado ndani yake mpinzani anaweza kufika besi kwa kupewa bure baada ya mipira minne mibaya, au mlinzi akikosea. Ulio juu yake ni mchezo kamili: wapigaji 27 wanakuja, 27 wanarudi, hakuna aliyekanyaga besi ya kwanza kwa njia yoyote. Tangu 1880 hadi asubuhi ya kisa hiki michezo kamili ilikuwa 20 tu katika ligi kuu. Cha ajabu, miwili ya mwisho ilikuwa imeanguka ndani ya mwezi mmoja: Dallas Braden tarehe 9 Mei na Roy Halladay tarehe 29 Mei. Tigers, waliomo kwenye ligi kuu tangu 1901, hawakuwa na hata mmoja.

Na upo mwiko. Mrushaji akiwa njiani kuelekea huko, hakuna anayelitaja jambo hilo. Wenzake kwenye benchi humkwepa, huketi mbali naye, hata macho hawamtupii. Mashabiki nao hujifunga kamba zao: aliyekunja miguu haikunjui, aliyekuwa amesimama jikoni anabaki jikoni. Ukilitamka, umelitia gundu.

Jioni ya tarehe 2

Ilikuwa Jumatano. Tigers walikuwa nyumbani, Comerica Park, dhidi ya Cleveland, mchezo wa jioni, watu 17,738 uwanjani. Mrushaji alikuwa Armando Galarraga, Mvenezuela aliyekuwa amepandishwa kutoka ligi ya chini wiki chache tu nyuma. Hakuna aliyemtarajia.

Mzee alianza kunyamaza ngwe ya tano. Alikuwa amekunywa kahawa mapema, na kikombe kitupu kilikuwa kwenye meza ndogo upande wa mkono wake mzima. Mhudumu mwingine alipotaka kukiondoa ngwe ya sita, Mzee alikifunika kwa kiganja na kutikisa kichwa. Mhudumu yule, mwenyeji wa Michigan, alitupa jicho kwenye televisheni, akaelewa, akaondoka kwa ncha za vidole. Hakumwambia mtu. Nilikuja kuhesabu baadaye kwamba hapo ndipo kisa kilipoanzia, kwenye lile jambo ambalo mwenyeji analijua kiasi cha kutoona haja ya kulisema.

Ngwe ya nane Kijana alirudi kutoka kumwogesha mkazi mwingine. Sebule ilikuwa na watu wanne, kimya kama msibani. Yeye kazi yake ni kuchangamsha watu. Akapita nyuma ya kiti cha Mzee, akachungulia ubao, na kwa sauti ile yake akasema, "Mzee! Mbona hawa hawana hata almasi moja? Hakuna hata mtu mmoja aliyefika besi ya kwanza! Huyu leo anaweka historia!" Huku anasema, mkono wake ulishakichukua kikombe.

Niliyasikia nikiwa mlangoni. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alifumba macho. Mzee hakugeuka. Alisema, "Kirudishe." Kijana akadhani anataka kahawa nyingine, akaenda jikoni kuijaza.

Ngwe ya tisa alibaki Mzee na wenzake watatu, na mimi nikiwa nimeegemea fremu ya mlango, ingawa nilikuwa na makaratasi ya kumalizia kabla ya zamu kubadilika. Mpigaji wa kwanza, Mark Grudzielanek, aliupiga mpira mbali katikati ya uwanja. Austin Jackson aliukimbilia akiwa ameupa mgongo, mbio ndefu, akaunyaka juu ya bega. Hapo Mzee alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wa pili akatolewa kirahisi. Amebaki mmoja: 26 wameshaondoka.

Jason Donald aliupiga mpira chini, upande wa kulia. Miguel Cabrera aliufuata, akaudaka, akamtupia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kuikanyaga besi ya kwanza. Mpira ulifika, mguu ulikuwa juu ya besi, mkimbiaji alikuwa bado nyuma hatua nzima. Sebuleni mikono ilishapanda. Mwamuzi wa besi ya kwanza, Jim Joyce, akanyoosha mikono yake pande mbili: salama.

Galarraga alitabasamu. Hilo watu wengi huku wanalikumbuka kuliko kosa lenyewe. Akarudi kwenye kilima chake cha kurushia, akamtoa mpigaji aliyefuata, mchezo ukaisha 3 kwa 0, kwa pigo moja ambalo halikuwa pigo. Marudio yaliendelea kuonyeshwa, na kila mara mguu wa mkimbiaji ulikuwa unachelewa zaidi.

Wakati huo Kijana akaingia na kahawa ya moto.

Mzee alimtazama, akasema maneno mawili tu: "Wewe ulisema." Kisha akautupa ubao. Penseli ilijiviringisha mpaka chini ya kabati, na tuliipata baada ya siku nyingi.

Maamuzi niliyoyafanya, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza nilioufanya palepale ulikuwa kumtetea Kijana kwa hoja. Nilipiga goti mbele ya kiti, nikamweleza Mzee kwa upole kwamba kosa ni la mwamuzi, kila mtu ameliona, na neno la mtu sebuleni haliwezi kufika mpaka Detroit likamfumba mtu macho. Nilikuwa sahihi kabisa. Mzee aligeuzia uso ukutani na hakula kitu usiku ule.

Usiku huohuo binti yake alipiga simu. Mimi nilikuwa bado ofisini naandika taarifa. Alitaka Kijana asimguse tena baba yake. Nilipomuuliza kisa, akanieleza mambo ya mwiko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Kicheko kidogo, cha uchovu. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya, kisha akasema baba yake ameungojea mchezo ule tangu akiwa mtoto, na kwamba haelekei kuungojea mwingine. Nikashindwa hata kuomba radhi vizuri.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mkazi ana haki ya kumkataa mhudumu, na njia rahisi ilikuwa kumhamishia Kijana ukumbi mwingine na kuweka karatasi ya onyo kwenye faili lake ili familia ione tumechukua hatua. Sikuandika onyo. Hakuwa amevunja kanuni yoyote, na onyo kwa kijana wa miezi mitatu hukaa kwenye faili hata sababu yake ikisahaulika. Nilimwomba binti anipe siku mbili. Asubuhi iliyofuata Mzee angehudumiwa na mwingine, lakini Kijana angebaki ukumbi uleule.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mazungumzo. Nilimwita Kijana kabla ya zamu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye maegesho ya magari.

"Dada, mimi siwezi kuomba msamaha kwa uchawi," aliniambia. "Yule mwamuzi kakosea mwenyewe. Kakiri mwenyewe, nimemsikia kwenye taarifa."

Ni kweli alikuwa amekiri. Joyce, mwamuzi wa zaidi ya miaka 20, alipotoka uwanjani aliomba aonyeshwe marudio, na akasema waziwazi kwamba amemnyima kijana yule mchezo kamili. Akaomba kuonana na Galarraga, akamwomba radhi akilia. Galarraga alisema hakuna binadamu aliye kamili.

Nilimuuliza Kijana: kwenu, mgeni akiingia kumwona mzazi, akamtazama mtoto na kusema kwa sauti, "Lo, limtoto linene hili!", halafu asiseme mashaallah, na usiku mtoto akapandisha homa, nyanya yako atasema nini?

Akanyamaza. Kisha akacheka kidogo. "Atatafuta ubani."

"Na mgeni akija kesho na maelezo ya daktari kwamba ni malaria?"

"Atafungiwa mlango."

Tukakubaliana kwamba hatamwomba Mzee msamaha kwa gundu. Ataomba kwa mambo mawili aliyoyafanya kweli: kuondoa kikombe ambacho hakuambiwa akiondoe, na kuvunja ukimya wa watu bila kuuliza wananyamazia nini.

Siku ya pili

Baada ya kifungua kinywa alikwenda. Alisema kama tulivyokubaliana, akiwa amesimama, mikono nyuma. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Sawa," na akarudi kutazama dirisha. Ilikuwa sawa ile ya kumaliza mazungumzo. Nilijiambia mpango umekwama.

Timu zilezile zilikuwa zinakutana tena mchana huo. Kwa mzunguko wa kazi wa waamuzi, aliyetakiwa kusimama nyuma ya mpigaji siku hiyo alikuwa Joyce. Aliweza kupumzika, hakutaka. Kabla ya mchezo, badala ya kocha kupeleka orodha ya wachezaji kwa waamuzi kama ilivyo desturi, Jim Leyland, kocha wa Tigers, alimtuma Galarraga. Sebule nzima iliona: kijana anatembea na karatasi, mwamuzi anaipokea, anajifuta machozi kwa mkono, anashindwa kuinua uso, anampiga Galarraga kidogo begani. Watu uwanjani wakapiga makofi, watu walewale waliomzomea jana yake.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, hajavuka kizingiti. Mzee alikuwa na leso mkononi. Alikaa hivyo muda, kisha bila kugeuza kichwa akakisukuma kikombe chake hadi ukingoni mwa meza, upande wa mlango.

"Hiki kimeisha," alisema. "Unaweza kukichukua."

Matokeo

Binti yake aliondoa malalamiko kwa simu siku ya tatu. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko, naye akasema alishakisahau. Sidhani kama alikuwa amekisahau.

Uwanjani matokeo hayakubadilika. Kamishna wa ligi, Bud Selig, alikataa kuugeuza uamuzi, na kwenye vitabu mchezo ule ni wa pigo moja mpaka leo. Gavana wa Michigan, Jennifer Granholm, alitoa tamko lake kwamba ulikuwa mchezo kamili, na kiwanda cha magari kikampa Galarraga gari jekundu la michezo. Mwaka 2014 ligi ilipanua matumizi ya marudio ya video, kiasi kwamba kosa la namna ile sasa lingesahihishwa pale pale.

Kwetu sisi tuliongeza mstari mmoja kwenye mpango wa uangalizi wa Mzee: saa za mchezo, usiondoe kitu mezani bila yeye kukupa, na ukikuta sebule kimya, kaa kimya. Mkaguzi aliyekuja mwaka ule aliusoma mara mbili, akaniuliza kama ni suala la kitabibu. Nikamjibu ndiyo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa langu kubwa lilikuwa kuwahi na hoja. Mzee hakuwa mjinga. Aliyaona marudio kabla yangu na alijua vizuri nani alinyoosha mikono. Lakini mwamuzi alikuwa Detroit, na huwezi kumgeuzia uso ukutani mtu aliye ndani ya televisheni. Kijana alikuwepo. Hasira ya shabiki inatafuta aliye karibu, na kwenye mchezo adimu namna hii aliye karibu huwa ni yule aliyefungua mdomo.

Jambo hili lina historia ndefu, ningelijua nisingecheka. Mwaka 1947, kwenye fainali za ligi kati ya Yankees na Brooklyn, Bill Bevens wa Yankees alifika ngwe ya tisa bila kupigwa hata pigo moja. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa akilizunguka neno. Mwenzake, Red Barber, alipopokea kipaza sauti akawaambia wasikilizaji wazi kwamba Brooklyn hawana pigo. Amebaki mtu mmoja kutolewa, Cookie Lavagetto akapiga, Bevens akapoteza kila kitu ikiwemo mechi. Mashabiki walimlaumu Barber. Mtu aliyekuwa kwenye kibanda cha matangazo, akifanya kazi aliyolipwa kuifanya!

Nadhani mwiko huu hauhusu sana imani ya kwamba neno lina nguvu. Shabiki hana mkono kwenye mchezo. Hawezi kurusha, hawezi kudaka. Kitu pekee anachoweza kuchangia ni kujizuia: asiseme, asiinuke, asiondoe kikombe. Kwa Mzee, ambaye nusu ya mwili haikumtii tena, kile kikombe kilikuwa ndiyo kazi yake siku ile, na alikuwa ameifanya vizuri kwa ngwe tatu nzima. Kijana alimpokonya kazi hiyo kabla hajaimaliza. Mimi nikaja kumweleza kwamba haikuwa kazi.

Kosa la pili ni la yule mhudumu mwenyeji, na kwa kiasi fulani la sote. Aliona, akaelewa, akapita. Tunapokabidhiana zamu tunaambiana nani amekula na nani hajaenda haja. "Mzee yupo kwenye mchezo usio na pigo, msimguse" ni taarifa ya zamu sawasawa na hizo.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kutomhamisha Kijana kulisaidia, ila kwa bahati zaidi kuliko kwa hekima. Angekuwa ukumbi mwingine, asingekuwa mlangoni saa ile.

Msamaha wake wa asubuhi haukuzaa kitu palepale, lakini bado nauhesabu. Uliomba radhi kwa vitu vilivyoshikika, kikombe na kelele, kama Joyce alivyosema "nimemnyima" bila kuanza habari za jua, kasi ya mpira au ugumu wa kazi. Mzee alipoona mwamuzi mwenye cheo na masharubu ya miaka mingi analia mbele ya watu, alishakuwa na msamaha mwingine mfukoni wa kuulinganisha nao. Bila ule wa asubuhi, lile tukio la televisheni lingebaki la Detroit.

Ila nisijipe sifa. Kama Leyland angeipeleka orodha mwenyewe siku ile, sina hakika ningekuwa na kisa cha kuandika zaidi ya fomu ya kumhamisha mtu.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya tarehe 7 Mei, mrushaji mwingine wa Tigers, Justin Verlander, alikuwa akirusha dhidi ya Toronto. Nilipita sebuleni ngwe ya saba nikakuta taa imezimwa nusu na Kijana ameketi sakafuni kando ya kiti cha Mzee, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Verlander alikuwa kamili mpaka ngwe ya nane, akampa mpigaji mmoja besi bure, kisha mpira uliofuata kupigwa ukawatoa wawili kwa pamoja. Alimaliza kwa kukabili wapigaji 27, bila pigo, bila kuwa kamili. Mezani palikuwa na vikombe vitatu, sahani ya mkate ulioliwa nusu na ganda la ndizi lililoshaanza kuwa jeusi. Nilifungua mdomo kuuliza kama wanataka nipunguze vyombo.

Kijana aliweka kidole mdomoni mwake kabla ya Mzee.